Kuku wa Kwanza Nyumbani: Chagua Aina Inayolingana na Mfuko Wako

Mkisoma makala zetu, mnajua tunapenda kuongea kuhusu biashara ndogo zinazoanzia nyumbani. Leo ni zamu ya kuku. Kila siku kuna mtu anatuma pesa kwa simu kununua vifaranga wake wa kwanza, na swali huwa ni lile lile: ninunue aina gani?

Acha tuanze na kosa letu wenyewe. Watatu kati yetu hapa ofisini tulichanga pesa tukanunua vifaranga 30 kutoka kwa muuzaji tuliyemwona mtandaoni. Alituambia ni Kuroiler. Bei ilikuwa poa sana, picha zilipendeza, tukatuma pesa yote siku hiyo hiyo. Vifaranga walikuja kwa basi ndani ya boksi, wote rangi moja ya manjano hafifu. Tulifurahi tu. Hatukuuliza chochote.

Kufika wiki ya kumi, kuku walikuwa warefu, wembamba na weupe, na kila mmoja ana upanga mwekundu kichwani. Tulipompigia picha mhudumu wa duka la agroveti, alicheka kwanza kisha akatuonea huruma. Wale walikuwa majogoo wa kuku wa mayai, wale ambao wakiangulia hawana kazi kwa mfugaji wa mayai. Hawatagi, na nyama wanaongeza polepole mno. Walikuwa wamekula zaidi ya kilo 80 za chakula. Bei poa ya vifaranga ilikuwa imetugharimu pesa ya chakula mara kadhaa.

Tulichojifunza ndicho tunachotaka kukuachia leo: unapochagua aina ya kuku, unachagua namna utakavyotumia pesa kwa miezi sita ijayo. Bei ya kifaranga ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Kabla ya aina, jibu maswali matatu

Wengi huanza kwa kuuliza ni kuku gani anataga sana. Sisi tunakushauri uanze na maswali haya.

Nani atakula au kununua? Kama unataka mayai ya watoto asubuhi na kuku wa Krismasi, hiyo ni hesabu moja. Kama una kibanda au wateja wa ploti wanaotaka trei kila wiki, hiyo ni nyingine. Tembea mtaani kwanza. Uliza mama mwenye duka anauza yai la kienyeji kwa bei gani, na la kawaida kwa bei gani. Tofauti ya bei hizo mbili itakusaidia sana mbele.

Nani yuko nyumbani mchana? Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 na mtu wa kuwaangalia mara kwa mara. Kama wote mnatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, fikiria kununua kuku wakubwa kidogo, wa wiki nne hivi ambao wameshatoka kwenye joto. Bei ni ya juu, lakini vifo hupungua.

Kila wiki unaweza kutenga shilingi ngapi za chakula? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Andika kiasi hicho kwenye karatasi sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Tutakihitaji.

Halafu kuna jambo la nafasi. Kwenye sakafu, hesabu kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba. Kama unapangisha, ongea na mwenye nyumba kwanza, na uulize ofisi ya wadi sheria za kaunti zinasemaje. Ni afadhali kuambiwa hapana kabla ya kununua kuliko kuhamisha kuku usiku.

Aina zinazopatikana Kenya

Kienyeji asilia. Huyu ndiye kuku wa shosho. Kuna wenye shingo isiyo na manyoya, wenye manyoya yaliyojikunja, na kule pwani kuna kuchi, mrefu na mwenye misuli. Kienyeji anajitafutia chakula, anavumilia hali ngumu, na ana kitu ambacho wengine wengi hawana: anaatamia. Umpe mayai 10 hadi 12, baada ya siku 21 ana vifaranga, na hukununua mashine. Kasoro yake ni mayai machache. Akiachwa ajitafutie, kwa mwaka huwa mayai 40 hadi 60 hivi, na huchukua miezi sita au zaidi kabla ya kuanza. Anamfaa mtu mwenye uwanja na asiye na haraka.

Kienyeji iliyoboreshwa. Hapa ndipo wengi wanaoanza huishia, na kwa sababu nzuri. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilimkuza kuku huyu kule Naivasha. Ana sura ya kienyeji, rangi tofauti tofauti, lakini akilishwa na kutunzwa vizuri anaanza kutaga karibu miezi mitano na anaweza kupita mayai 200 kwa mwaka. Zingatia maneno hayo: akilishwa na kutunzwa vizuri. Ukimwacha ajitafutie kama kienyeji wa kawaida, hutayaona mayai hayo. Pia wengi wao hawaatamii sana, kwa hivyo usitegemee watoto wa bure.

Kuroiler, Sasso na Kenbro. Hawa watatu tunawaweka pamoja kwa sababu kazi yao inafanana: nyama kwanza, mayai kiasi. Kuroiler asili yake ni India, na kabla ya kuenea hapa kwetu alipata umaarufu Uganda. Sasso ni wa Ufaransa. Kenbro huuzwa hapa nchini na Kenchic. Wanakua haraka kuliko kienyeji, na jogoo wa Kuroiler anaweza kufika kilo tatu akitunzwa. Kuroiler hutaga mayai kama 150 kwa mwaka. Lakini wanakula! Mwili mkubwa unahitaji sahani kubwa. Kama kiasi ulichoandika kwenye karatasi ni kidogo, hawa watakusumbua.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii: kuku hawa ni mchanganyiko. Ukiangua mayai yao nyumbani, watoto hawatakuwa kama wazazi. Wengine watakua vizuri, wengine watadumaa. Kila mara utarudi kununua vifaranga wapya.

Kuku wa mayai, yaani leya. Maarufu zaidi ni wa kahawia kama Isa Brown, ambaye anaweza kupita mayai 300 kwa mwaka. Huanza kutaga wiki ya 18 hadi 20. Huyu ni mfanyakazi wa ofisini: hodari, lakini anataka kila kitu kwa wakati. Chakula kikibadilika ghafla, maji yakikosekana nusu siku, au kelele zikizidi, mayai yanashuka. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wa maisha yake, utagaji unaanza kupungua na inabidi umuuze. Anamfaa mtu mwenye soko la trei la uhakika na pesa ya chakula isiyokatika.

Broila. Wiki tano au sita na yuko tayari kwa sufuria. Kwa anayeanza na kuku wachache wa nyumbani, hatumpendekezi. Kosa la siku mbili kwake ni hasara kubwa, na akipitisha umri wa kuuzwa anakula faida yako yote.

Hesabu ambayo ingetuokoa

Sasa toa ile karatasi. Tutatumia mfano wa vifaranga 20 wa kienyeji iliyoboreshwa. Bei tulizoweka ni za mfano tu, wewe weka za duka lako.

Vifaranga hawa huuzwa bila kutenganishwa jike na dume. Kwa hivyo tegemea nusu kwa nusu. Tuseme wawili wanakufa njiani, unabaki na 18: mitetea 9 na majogoo 9.

- Vifaranga 20 kwa shilingi 100: 2,000
- Chakula: kila mtetea karibu kilo 8 hadi aanze kutaga, kila jogoo karibu kilo 6 hadi wiki ya 16. Jumla kilo 126. Kwa shilingi 60 kwa kilo: 7,560
- Chanjo na dawa: 1,000
- Makaa ya joto na maranda ya kutandika: 1,000

Jumla ni shilingi 11,560, na bado hatujahesabu banda. Ona kwamba vifaranga wenyewe ni 2,000 tu. Ukipunguziwa shilingi 20 kwa kila kifaranga, umeokoa 400. Lakini ukiuziwa aina isiyo sahihi, 7,560 ya chakula inaenda na upepo. Ndiyo maana tunasema usitafute kifaranga wa bei rahisi, tafuta muuzaji wa kweli.

Majogoo wanane ukiwauza kwa shilingi 700 kila mmoja, unarudisha 5,600. Mmoja unamwacha kama unataka mayai ya kuangua. Kama ni mayai ya kula tu, kuku jike hahitaji jogoo ili atage, kwa hivyo muuze naye.

Wakianza kutaga, kuku tisa na jogoo mmoja watakula kama kilo 37.5 kwa mwezi, yaani 2,250. Tuseme kwa siku mayai ni 6 kwa kila kuku 10. Hiyo ni mayai 162 kwa mwezi, trei tano na mayai 12. Kwa shilingi 15 yai moja, unapata 2,430.

Faida: shilingi 180.

Najua umeshtuka. Hata sisi tulishtuka. Ukinunua chakula chote dukani, mayai ya kundi dogo yanajilipia tu, basi. Faida inatoka kwingine: sukuma wiki na mabaki ya jikoni yanayopunguza gunia, majogoo unaowauza msimu wa sikukuu, mbolea ya shamba, na mayai ambayo watoto wako wanakula bila wewe kwenda dukani. Ukiweza kupunguza theluthi moja tu ya chakula cha kununua, ile 180 inakuwa 930.

Hapo ndipo aina ya kuku inapoingia. Kienyeji iliyoboreshwa anakubali mboga na kuzungukazunguka uani. Leya hatakushukuru ukimpunguzia chakula chake, atakunyima mayai. Kama huna uwanja wala mabaki ya jikoni ya kutosha, na mtaani yai la kienyeji linauzwa bei sawa na la kawaida, leya atakushinda kwa hesabu. Kama watu wako wanalipa zaidi kwa yai la kienyeji na una nyasi nyuma ya nyumba, chukua iliyoboreshwa. Aina bora ni ile inayokubaliana na uwanja wako, soko lako na ile karatasi.

Tenga pesa ya chakula mapema

Kutoka siku ya kwanza hadi yai la kwanza ni karibu wiki 20. Wiki 20 za kutoa bila kupokea. Wengi huanza vizuri, kisha mwezi wa tatu karo ya shule inaingia na kuku wanaanza kulishwa pumba tupu. Kuku aliyedumaa wiki ya kumi hatakulipa wiki ya ishirini.

Kwenye mfano wetu, ukitoa bei ya vifaranga, unabaki na 9,560 za kutumia. Gawanya kwa wiki 20: kama shilingi 480 kwa wiki. Fungua akiba ya simu tofauti na matumizi ya nyumbani, uipe jina "Kuku", na uweke pesa hiyo siku ile ile kila wiki. Wiki za mwanzo vifaranga wanakula kidogo, kwa hivyo ziada itakaa ikisubiri wiki za mwisho ambapo wanakula sana. Kama 480 ni nzito, usianze na 20. Anza na 10. Hakuna atakayekucheka.

Chanjo si hiari

Ugonjwa wa Newcastle, yaani kideri, unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Kinga ni chanjo tu. Gumboro nayo huua vifaranga wachanga. Chanjo ya Marek hutolewa siku ya kwanza pale pale wanapoanguliwa, kwa hivyo muulize muuzaji kama ilitolewa. Baadaye kuna chanjo za ndui na homa ya matumbo ya kuku. Daktari wa mifugo wa wadi yako atakupa ratiba inayofaa eneo lako.

Shida ya mfugaji mdogo ni kwamba chupa ya chanjo huwa na dozi nyingi, mara nyingi 50 au 100, na ukishaichanganya lazima itumike ndani ya saa mbili hivi. Wewe una kuku 20. Suluhisho ni majirani. Panga siku moja na wafugaji wa karibu, mchange pesa, mnunue chupa moja, mchanje wote asubuhi moja. Pia usichanganye chanjo na maji ya mfereji yenye dawa ya klorini, kwa sababu inaua chanjo.

Kulipa vifaranga bila kulia baadaye

Hili ni eneo letu, kwa hivyo tusikilize vizuri.

1. Nenda ukaone. Kama muuzaji yuko mbali, tafuta mtu wa huko akuangalilie. Muuzaji anayekataa kabisa utembelee ana sababu yake.

2. Usilipe yote mbele. Vituo vizuri huwa na foleni na vinaweza kuomba amana ya kuhifadhi oda. Hiyo ni sawa. Lakini salio lipe ukiwa umewaona vifaranga kwa macho.

3. Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Lipa kwa till au paybill yenye jina la biashara uliyoambiwa. Ukisikia "tuma kwa hii namba ya mhasibu wetu", simama. Piga simu kituoni kwa namba uliyoipata mwenyewe, si ile uliyopewa na anayekuomba pesa.

4. Dai risiti yenye aina ya kuku. Iandikwe: vifaranga 20, aina hii, wameanguliwa tarehe hii, wamechanjwa Marek. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa ilikwenda, lakini hausemi ulinunua nini. Hifadhi vyote viwili.

5. Angalia vifaranga. Wawe wachangamfu, macho maangavu, kitovu kimekauka, hakuna kinyesi kilichoganda nyuma. Kienyeji iliyoboreshwa na Kuroiler huwa na rangi mchanganyiko. Ukiona boksi zima la manjano hafifu kama letu, uliza maswali. Vifaranga wa Isa Brown jike huwa wa kahawia, na dume ndio wenye rangi hiyo hafifu.

6. Ukikosea namba, usingoje. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Kadiri unavyochelewa ndivyo uwezekano wa kurudishiwa unavyopungua. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba yako ya siri, hata kwa sababu ya kuku.

Kwa hivyo, uchague nani?

Kwa kifupi. Una uwanja mkubwa, pesa kidogo na subira: kienyeji asilia. Una uani wa kiasi, mabaki ya jikoni na wateja wanaopenda yai la kienyeji: iliyoboreshwa. Unataka nyama ya kuuza na una pesa ya chakula: Kuroiler, Sasso au Kenbro. Una wateja wa trei kila wiki na mtu wa kuwa nyumbani: leya.

Unashangaa sisi tulifanya nini na wale majogoo 30? Tuliwala, mmoja mmoja, kwa miezi mingi. Ilikuwa nyama ghali kuliko zote tulizowahi kula. Safari ya pili tulinunua 12 tu, kienyeji iliyoboreshwa, tukaenda kuwachukua wenyewe na risiti mkononi. Leo wana mayai, na mwenzetu anayewatunza hutuletea trei moja kila Jumatatu. Tunamlipa kwa simu, bila mkopo.

Kazi yako wiki hii ni ndogo: usinunue chochote bado. Uliza bei ya yai mtaani, uliza bei ya gunia kwenye maduka mawili ya agroveti, kisha weka shilingi zako za kwanza kwenye akiba ya "Kuku". Ukiweza kuweka wiki nne mfululizo bila kuzigusa, uko tayari kuwalisha. Hapo sasa ndio uagize vifaranga.

Tukutane makala ijayo. Ufugaji mwema!